Nimeuziwa mimea ya tangi la samaki yenye konokono hapa Moshi, kisha muuzaji huyo huyo akaniuzia mrututu (chumvi ya shaba) kama dawa

Ndugu wanajamvi, habari za usiku. Si kawaida yangu kufungua uzi wa kulalamika, na kwa miaka yote niliyokuwa humu nimekuwa msomaji kuliko mwandishi, lakini jambo hili limenikaa kooni tangu mwezi wa pili na sioni sababu ya kuendelea kulimeza. Sitalitaja duka wala mwenye duka. Tunaofuga samaki wa mapambo hapa Moshi tu wachache, na anayehusika atajitambua kabla hajafika aya ya tatu.

Nina tangi la lita 120 sebuleni, lenye umri wa miaka miwili. Ndani yake walikuwamo gapi 18, kambare wadogo wanne wa kuokoteza chini, na kundi la uduvi wekundu ambao niliwaleta kwa basi kutoka Arusha ndani ya chupa ya maji, nimewapakata magotini kama mtoto mchanga. Uduvi hao walizaliana hata nikaacha kuwahesabu. Nilitaka kuwaongezea kivuli, nikanunua mafungu matano ya mimea ya maji kwa shilingi 6,000 kila fungu. Nilimuuliza muuzaji swali moja tu, nalo nililiuliza mara mbili: mimea hii ina konokono? Akaniapia kwamba imeagizwa kutoka nje, imeoteshwa maabara, na haijawahi kugusa tope la nchi hii. "Kaka, hii ni safi kuliko mchicha unaokula nyumbani," ndivyo alivyosema, na mimi nikatoa shilingi 30,000 na kumshukuru juu yake.

Baada ya siku kumi na mbili niliona kwenye kioo cha nyuma kitone cha ute angavu, kirefu kama punje ya mchele, na ndani yake vidoa vidogo vimejipanga kama mbegu za pasheni. Nilikikwangua kwa ukucha. Kesho yake vilikuwa vitano. Wiki iliyofuata binti yangu, ambaye ana miaka minane na ndiye mlishaji mkuu wa samaki hapa nyumbani, aliniamsha saa tano usiku kunionyesha kitu kwa tochi: changarawe yote ilikuwa inatembea. Walikuwa konokono wembamba wenye umbo la pia, wale ambao mchana hujizika chini na usiku hupanda juu. Kwenye kioo cha mbele peke yake tulihesabu 63, bila kuwagusa waliokuwa kwenye majani na kwenye bomba la chujio.

Kwa wasiowajua, hawa wembamba hawatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, na jike hahitaji dume kufanya hivyo, kwa hiyo mmoja aliyejificha kwenye mzizi anatosha kukujazia tangi. Wale wa kitone cha ute nao kila mmoja ana jinsia zote mbili na anaweza kujitungisha mwenyewe akikosa mwenzake. Ndiyo maana ule ushauri wa "watoe kwa mkono, wataisha" hauna maana yoyote ukitolewa peke yake. Naomba nikiri hapa, kabla mke wangu hajaingia humu na kunisahihisha, kwamba tulikuwa tunawalisha samaki kupita kiasi, na konokono huongezeka kulingana na chakula kinachobaki chini. Kosa hilo ni letu. Lakini chakula hakizai konokono pasipokuwa na konokono, na waliingia kwa mlango mmoja tu.

Nilimpigia muuzaji simu. Kwanza alisema hao ni wasafishaji, nishukuru Mungu kwa kupewa bure. Nilipokataa, akasema walikuwamo tangini tangu zamani na mimi sikuwaona. Miaka miwili, ndugu zangu, niwe nimewakosa kwa bahati mbaya! Nilipozidi kumkatalia akabadilisha sauti, akaniambia ana samaki mla konokono wa shilingi 45,000. Nikamuuliza huyo samaki amelelewa kwa chakula gani, akasema cha kopo. Basi nikamsimulia habari ya yule samaki aina ya furu wa Ziwa Victoria mwenye mataya mazito ya kooni ya kuvunjia makoa, ambaye alipelekwa kwenye mabwawa ya samaki ya Cameroon ili apunguze konokono wa kichocho: vizazi vilivyokulia mabwawani kwa chakula laini vikatoka na mataya dhaifu, na konokono hawakupungua kama ilivyotarajiwa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi njoo nikupe dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa buluu ndani ya kifuko cha nailoni kilichobanwa kwa pini mbili za stepula, bila jina, bila kipimo, bila tarehe, kwa shilingi 15,000. Maelekezo yalikuwa kijiko kimoja cha chai kwa tangi zima. Nilimuuliza kama uduvi watapona, akanijibu kwamba dawa hiyo inachagua konokono peke yao. Sijui kwa nini nilimwamini mtu ambaye tayari alikuwa amenidanganya mara moja, lakini nilitia nusu ya kipimo saa mbili usiku, nikazima taa nikalala.

Asubuhi uduvi wote walikuwa wamelala ubavu, wamepauka rangi kama waliopikwa. Konokono wa makoa mepesi walikuwa wamedondoka chini kwa mamia, na maji yalikuwa na ukungu na harufu ya soko la samaki saa nane mchana. Hao konokono waliokufa ndio waliomalizia kazi, kwa sababu mizoga ikioza pamoja hutoa amonia nyingi kuliko chujio la tangi dogo linavyoweza kuimudu, na gapi walikuwa juu wanahema kwa midomo. Nilibadilisha nusu ya maji, nikabadilisha tena jioni. Walikufa gapi 11 na kambare wote wanne. Na wale konokono wembamba, waliokuwa sababu ya yote haya? Wale wana kifuniko kigumu cha kufungia mlango wa koa. Walijifunga, wakajizika kwenye changarawe, na baada ya wiki tatu wakarudi kutembea kama kawaida.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alishuka kutoka Kibosho kutusalimia. Alikiona kile kifuko mezani, akakifungua, akachukua chembe mbili kwenye kiganja, wala hakuhitaji miwani.

"Mwanangu, huu mrututu unafanya nini sebuleni?"

Nikamwambia ni dawa ya konokono wa tangi.

"Huu tulikuwa tunauchanganya na chokaa tunapulizia kahawa. Leo mnawapa samaki?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba huua konokono kweli, lakini huwaua uduvi pia, hata ikiwa kidogo, na samaki nao huumia, hasa kwenye maji laini yasiyo na chokaa, kwa kuwa hapo hakuna kitu cha kuipunguza makali. Maji ya nyumbani kwangu ni laini hivyo kwamba birika letu la chai halijawahi kushika ukoko tangu tulinunue. Muuzaji anayeishi mji huu huu na kunywa maji haya haya alipaswa kulijua hilo kuliko mimi. Isitoshe, shaba hunasa kwenye changarawe, kwa hiyo imenilazimu kuitupa changarawe yote kabla ya kufikiria kuleta uduvi wengine.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni hasara ya fedha na ya moyo, nikanyamaza. Lililonifanya niandike ni nililoliona mwanzoni mwa mwezi wa nne, nilipokwenda dukani kudai changu. Nikiwa nimesimama kaunta, kijana aliingia na kiroba kinachodondosha maji, akakimwaga kwenye beseni nyuma ya pazia. Ilikuwa mimea ile ile, majani yale ya utepe, mizizi imejaa tope jeusi na mabua ya mpunga. Nikamsalimia, nikamuuliza ametoka nayo wapi. Akanijibu kwa uaminifu wote, maana hakuna aliyemfundisha kudanganya: "Mabogini, kwenye mifereji." Hiyo ndiyo maabara ya ng'ambo.

Ndugu zangu, tambarare hizi za chini ya Moshi, kwenye umwagiliaji wa mpunga na miwa, kichocho ni ugonjwa wa siku nyingi. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini, wa aina mbili kubwa: yule aliyejiviringisha bapa kama kamba iliyokunjwa, anayebeba kichocho cha tumbo, na yule mfupi ambaye ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa koa ukikutazama, mdomo huo unakuwa upande wa kushoto, naye hubeba kichocho cha mkojo. Tatizo ni kwamba hata yule wa ute, asiyebeba kichocho, naye ana mdomo wa kushoto, na mtu wa kawaida kama mimi hawezi kuwatofautisha kwa uhakika. Katika tangi langu wote walikuwamo, bapa na wa kushoto. Konokono aliyezaliwa tangini hana vimelea, kwa kuwa havirithiwi kupitia mayai. Lakini yule aliyechotwa mferejini akiwa ameshaambukizwa anaweza kuendelea kuvitoa majini kwa wiki kadhaa, navyo hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi kitu cha maana. Na mkono uliokuwa ukiingia kwenye tangi lile kila siku, mpaka kwenye kiwiko, ulikuwa wa mtoto wa miaka minane.

Tulimpeleka hospitali. Muuguzi aliuliza kama mtoto huogelea mtoni, nikasema hapana, tuna tangi la samaki sebuleni, akaacha kuandika akanitazama. Kipimo cha choo na cha mkojo havikuonyesha kitu, lakini tumeambiwa turudi mwezi wa sita, kwa sababu mayai ya kimelea huchukua wiki nyingi tangu maambukizi kabla ya kuonekana. Inawezekana kabisa kwamba hana chochote, na ndivyo ninavyoamini. Hata hivyo sikununua wiki hizi za kusubiri, nami sikuambiwa kwamba zimo ndani ya fungu la 6,000.

Ninachomtaka muuzaji si kikubwa. Aseme mimea imetoka wapi. Kama imetoka mferejini, ailoweke kwenye maji ya shabu, ile ile ya kusafishia maji inayouzwa sokoni kwa bei ya kutupa, kisha aisuuze na kuiweka peke yake kwenye beseni lisilo na samaki kwa wiki nne, akiikagua na kuondoa kila kitone cha ute. Kuianika juani siku moja hakutoshi, maana baadhi ya konokono hawa hustahimili ukame kwa miezi. Na aache kuuza sumu isiyo na jina. Nilipomwambia haya alinijibu mbele ya wateja wawili kwamba mimi ni msumbufu, na kwamba nimletee samaki waliokufa ndipo anibadilishie, huku akijua wana wiki tatu kaburini chini ya mgomba.

Kwa mtakaouliza nimewapunguzaje waliobaki: tunalisha kidogo mara moja kwa siku, na kila jioni naweka kipande cha tango kilichofungwa kwenye uma ili kizame, alfajiri kabla taa haijawaka kinakuwa kimefunikwa na konokono, nakitoa, nawamwagia maji yanayochemka na kuwafukia. Msiwamwage mferejini wala chooni. Navaa glavu, na binti sasa hulisha kwa kijiko. Jana asubuhi walikuwa tisa.

Kile kifuko nimekihifadhi, kimebaki zaidi ya nusu. Aliyeuziwa kama hicho, cha nailoni nyeupe, pini mbili, unga wa buluu, naomba asikitie kwenye tangi, na aniambie hapa chini alikinunua lini na alielezwa kwamba ni nini.