Babu hatoki chumbani kabisa, mnaofanya kazi na wazee mnafanyaje?

DadaWaShifti: Habari zenu wadau, niko Minnesota nafanya kazi nyumba ya wazee, zile za mzee kuwa na chumba chake sisi tunamsaidia kuoga, dawa na chakula. Wakina bibi hawana shida, wana bingo, wanafuma, wanapiga stori mpaka usiku. Ila wanaume sasa... kuna mmoja alikuwa fundi bomba, mkewe alishafariki, chakula anataka apelekewe ndani, siku nzima ni TV tu. Ofisi wanasema akikataa ni haki yake, sawa, lakini mimi roho inaniuma. Nimwache tu?

Mkulima_Lowell: Usimwache dada. Kwanza angalia masikio, wengi hawaendi mezani kwa sababu hawasikii, sahani zinagongana watu wote wanaongea kwa pamoja, anaitikia asichokielewa mpaka anaona aibu anaamua kubaki ndani. Na betri ya kile kifaa cha kusikia ikifa hakuna anayejua. Halafu nyumba hizi za Marekani karibu watu saba kwa kumi ni wanawake, ratiba yote imepangwa kwa ajili yao.

Mama Neema: Mpe kazi, sisi kwetu tulifanya hivyo!! Australia walianzisha karakana za wanaume miaka ya 1990, wazee wanakutana wanatengeneza viti, wanarekebisha baiskeli, sasa zipo mpaka Ireland, Uingereza na hapa Marekani. Mzee atakusimulia habari za marehemu mkewe huku anakaza skrubu, ila mkalishe kwenye duara umuulize anajisikiaje, hasemi kitu. Na iwe kazi ya kweli jamani, sio kumdanganya kama mtoto.

NesiMstaafu: Naongezea hili maana ni zito. Marekani wanaume wa miaka 75 kwenda juu ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha kujiua. Akianza kugawa vitu vyake, akiacha kula, akisema yeye ni mzigo, usikae nalo moyoni, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua na mwambie nesi wa zamu saa hiyo hiyo, liandikwe. Namba 988, ya simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua hapa Marekani, inapokelewa usiku na mchana.

DadaWaShifti: Asanteni sana, hilo la masikio sikuliwaza kabisa. Mama Neema, vifaa mlipata wapi? Hapa wakisikia nyundo tu watakataa.

Mama Neema: Anza na bisibisi na sandpepa, tulimpa meneja orodha ya vifaa akasaini, mwenye kumbukumbu mbovu anakaa na mtu pembeni. Vifaa vyenyewe familia zilileta, kila mtu ana boksi la babu limelala gereji.