Bodi ya chanzo huria: dola 22 italipa?

saketi_wazi:
Wakuu, nina bodi ya kusoma mita na pampu kwa RS-485 (mawasiliano ya waya kwa kebo ndefu): ina moduli ya Wi-Fi ya ESP32-WROOM-32E na chipu ya RS-485, SP3485, nimeichora kwa programu ya KiCad, mafaili yote yako wazi. Kwa mzigo wa bodi 100, kila moja inafika Dar kwa dola 14: vipuri 9, kuunganisha 3, usafiri na ushuru 2. Niuze 22? Na kiwanda kingine kikiikopi je?

nyaya_mbili:
Haitoshi, mkuu. Zikifeli tano tu kati ya 100, kila bodi nzima imeshakugharimu 14.74. Duka likitaka asilimia 35, kwenye 22 unabaki na 14.30. Hapo ni hasara, na bado hujamlipa anayepima wala hujambadilishia mteja bodi mbovu. Anzia 36, duka likikata chake unabaki na 23.40. Usijidanganye kwamba utauza mwenyewe kwa 22 halafu maduka yaje baadaye. Hakuna duka litakalokubali kuuza ghali kuliko wewe.

kibati:
Kufeli tano zenyewe ni makadirio ya kiungwana. Kwenye orodha ya vipuri andika namba kamili ya mtengenezaji, pamoja na mbadala uliokwisha kuujaribu. SP3485 ikiadimika, MAX3485 inakaa kwenye miguu ileile. Ukiandika "485" tu, wanaweza kukubandikia MAX485, ambayo ni ya volti 5. Ukiilisha volti 3.3 za bodi yako itaonekana nzima mezani kwa waya wa mita moja, kisha data zianze kukatika kwenye kebo ndefu.

Kwa hiyo tengeneza jigi ya kupimia: pini za springi, kupakia programu, kisha kutuma na kupokea data na bodi ya mfano, ukinzani wa omu 120 kila mwisho wa laini. Kikomo cha mkondo wa umeme unaolisha jigi kisiwe chini ya miliampia 500. Wi-Fi ikiwaka ESP32 huvuta ghafla, na bodi nzima itajizima uihesabu mbovu.

mzee_wa_gerber:
Leseni haizuii kopi. CERN-OHL-S, leseni ya vifaa huria, inamtaka anayeuza bodi iliyotokana na yako naye atoe mafaili yake, haimkatazi kuuza. Hakimiliki nayo inalinda mchoro, si utendaji wa saketi. Akichora upya huna la kumfanya. Linda jina. Mafaili ya bodi ya Arduino Uno yako wazi na kopi zake ni halali, lakini kuzibandika jina la Arduino si halali. Sajili alama yako ya biashara BRELA, msajili wa Tanzania Bara. Zanzibar ni maombi mengine, kwa msajili wake BPRA.

saketi_wazi:
Nikificha mafaili ya PCB tu, yaani ramani ya njia za shaba za bodi?

mzee_wa_gerber:
MakerBot waliyafunga mafaili ya printa yao ya 3D, Replicator 2, mwaka 2012, na waliokuwa wakiwachangia wakawageuka. Yako ina chipu chache. Fundi mwenye multimita ataifuatilia yote. Utapoteza wachangiaji bila kumzuia mtu.

nyaya_mbili:
Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano: kifaa chenye redio kinataka idhini kabla ya kuuzwa. Ambatisha ripoti za vipimo za FCC (Marekani) na CE (Ulaya) za moduli ya ESP32, na usiweke shaba chini ya antena yake. Ukibadilisha antena, ripoti hizo hazikuhusu tena.