Orodha zenu za "mitindo inayokuja" ya viatu vya Italia zimenitia hasara, na mjomba wangu kaaibika harusini

Wakuu, salamu.

Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta kwa sababu matusi yalizidi. Huu ni wa tatu, nimejitahidi.

Jumapili asubuhi mjomba kanipigia kutoka Tanga. Jana yake alikuwa harusini, kavaa zile mokasini (viatu vya kuchomeka, visivyo na kamba) za suwedi, ile ngozi yenye vinyoya, rangi ya chokoleti nilizompa mtu ampelekee mwezi wa pili. Hata salamu hakuimalizia. "Mjomba, hivi viatu ulivyonitumia ni vya Italia ya wapi? Naenda mbele kutunza maharusi, kiatu cha kulia kikaanza kucheka. Nimerudi kwenye kiti naburuza mguu kama nimepooza." Nikamwambia samahani mjomba, nitafuatilia dukani. Akasema nisijisumbue, kuna fundi karibu na stendi kashakipiga uzi kwa elfu tano, na fundi huyo aliuliza kama waliokitengeneza walikuwa wanakimbizwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jozi yangu mimi, duka hilohilo, rangi hiyohiyo, ilikuwa imeshaachama wiki tatu nyuma, nikaisukumia chini ya kitanda nikanyamaza. Jozi mbili, euro 265 kila moja. Mpige hesabu wenyewe mwezi ule nilikula nini.

Sasa nije kwenu, maana chanzo ni humuhumu. Kila Januari na kila Juni, Pitti Uomo, yale maonyesho ya mavazi ya kiume, ikimalizika tu pale Fortezza da Basso, Firenze, kuna wakuu wanashusha orodha. Msimu ujao ni suwedi. Raba nene basi tena, sasa soli nyembamba. Mokasini laini zisizo na bitana. Viatu vya mabaharia. Tai imerudi. Mkanda mwembamba wa kusuka, kitambaa cha hariri shingoni, kijipochi cha kuning'iniza. Picha nazo ni zilezile: wanaume wameegemea ukuta nje ya maonyesho, vifundo nje bila soksi, wanajifanya hawajui kama wanapigwa picha. Chini yake mnaandika "wahini kabla hazijaisha". Mimi nikawahi.

Na mimi sina hata pa kujitetea. Naishi Italia, mkoa wa Marche, upande wa Fermo, na nimefanya kazi misimu mitatu kwenye karakana ya soli. Huku ukipanda basi unapita Montegranaro, Sant'Elpidio a Mare, Civitanova, na kila mji una watu wa viatu: huyu anakata ngozi, yule anatengeneza visigino tu, mwingine maboksi tu. Mtu wa hapa kuuziwa kiatu kibovu ni sawa na mvuvi kununua samaki aliyechina. Hilo nimeshajisema mwenyewe, msinirudishie.

Ila hebu tuambizane ukweli jinsi huo "mtindo unaokuja" unavyokuja. Viwanda vya ngozi vya Santa Croce sull'Arno, Arzignano na Solofra vinapeleka ngozi zao Lineapelle, maonyesho ya ngozi ya Milano, zikiwa na rangi na miguso iliyokwishaamuliwa, zaidi ya mwaka kabla kiatu hakijafika dukani. Wenye viwanda vya viatu wanachagua pale, wanaagiza soli, wanachonga kalibu. Ndipo inakuja Pitti, inakuja Micam, maonyesho ya viatu kule Rho, wenye maduka wanaonyeshwa na kuweka oda. Kinachoonyeshwa Januari ni cha majira ya vuli na baridi yajayo, cha Juni ni cha kiangazi cha mwaka unaofuata. Kwa hiyo wewe unapobandika picha ya suwedi ya chokoleti ukaiita utabiri, ngozi ile imeshapakwa rangi na iko kwenye marobota. Mzigo umeshaagizwa, anatafutwa wa kuubeba. Mimi nikajitwika.

Na huo upya ni upi? Mokasini ya Gucci, ile yenye kipande cha chuma mfano wa lijamu ya farasi, ni ya 1953. Viatu vya kuendeshea gari vya Tod's, ambao makao yao ni hapahapa Casette d'Ete, vina vinundu vya mpira 133 chini, na vilibuniwa kwa mtu anayekanyaga pedali. Leo mnatuambia tutembee navyo mjini kutwa nzima, halafu vinundu vikilika kwenye mawe mnashangaa.

Mtindo kurudi sina ugomvi nao. Ninachouliza ni mtindo huu hasa unamfaa nani. Tazama: bitana imeondolewa. Kile kipande kigumu cha kisiginoni kimeondolewa. Soli imekatwa unene. Bei imepanda. Mnaita wepesi, mnaita ulaini, na kweli kiatu unakivaa kama soksi, lakini kila kilichoondolewa kilikuwa kinalipiwa na kiwanda na sasa hakilipiwi. Haki itendeke, wapo wanaojua kuifanya kazi hii. Mtindo wanaouita sacchetto, bitana inashonwa kwanza kama mfuko wa ngozi unaofunika mguu wote, halafu soli inashonwa kwa mashine ya Blake, uzi unapita kutoka ndani hadi chini. Kiatu kinakunjika mkononi kama mkate wa kumimina na kinadumu miaka. Ngozi isiyo na bitana pia inataka iwe ngozi nzuri kwelikweli, kwa sababu hakuna cha kuficha aibu yake. Tatizo ni kwamba kwa macho ya picha, kile na changu vinafanana.

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Baada ya simu ya mjomba nilikitoa kiatu chini ya kitanda, nikatandika gazeti mezani, nikachukua kisu cha jikoni. Nikabandua kile kipande cha ngozi cha ndani, kinachokanyagwa, chenye jina la kampuni kwa dhahabu. Kama kiatu kimeshonwa kwa Blake, chini ya hapo lazima uone mstari wa uzi unazunguka. Hakukuwa na uzi. Kulikuwa na boksi lililogandamizwa. Nikageuza soli: mshono upo, mzuri, umenyooka, ila ukiugusa kwa ukucha unagundua ni mpira uliomwagwa kwenye kalibu yenye alama za mshono. Wamechora mshono, wakuu.

Halafu pale palipoachana. Gundi yote ilibaki upande wa ngozi, nene, ya njano. Upande wa soli palikuwa safi, panang'aa kama sahani iliyooshwa. Mtu aliyefanya kazi ya soli akiona hivyo anajua mara moja. Mpira wa aina ile haushiki gundi hivihivi. Unapakwa dawa yake kwanza au unakwaruzwa, unaachwa ukauke, ndipo inakuja gundi, ndipo joto, ndipo presi. Dawa ikirukwa, kiatu kitashika vizuri sana siku ya kukipima dukani, kitashika na wiki za mwanzo, halafu siku moja unapanda ngazi ya basi na soli inabaki chini. Yule fundi wa stendi Tanga hakukosea kabisa. Kuna mtu alikuwa anakimbizwa.

Na mimi dukani ningeweza kujua hata bila kisu. Karibu viatu vyote vinavyouzwa Umoja wa Ulaya vinatakiwa kuwa na kibandiko chenye michoro, ni agizo la tangu 1994. Kinaonyesha sehemu tatu: juu, ndani, na soli. Mchoro wa ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ngozi. Ngozi hiyohiyo ikiwa na umbo la almasi katikati, ni ngozi iliyopakwa tabaka la kitu kingine juu. Wavu ni kitambaa. Umbo la almasi peke yake ni "vinginevyo", yaani mpira, plastiki na jamaa zao. Mchoro unahesabu kile kilichochukua angalau asilimia 80 ya sehemu hiyo. Muuzaji aliniambia soli ni cuoio, ngozi ngumu. Kibandiko kilikuwa pale chini, na soli ilikuwa almasi tupu. Sikugeuza kiatu. Nilikuwa najitazama kwenye kioo.

Mkanda nao nilinunua siku ileile, ule mwembamba mliousifia. Umepasuka kwenye tundu la tatu na ndani umeonyesha kitu kama karatasi ya kaki katikati ya ngozi mbili nyembamba kama utando wa yai. Sitaurefusha huo. Jueni tu kwamba Italia tangu Oktoba 2020 sheria inakataza kuita "pelle" (ngozi) au "cuoio" kitu ambacho hakikutoka kwa mnyama, hata ukikipamba kwa maneno ya mazingira. Ila kuwa ngozi na kuwa ngozi nzuri ni vitu viwili, na sheria inaangalia hilo la kwanza.

Na kabla hamjaniletea habari za "Made in Italy": sheria za forodha za Ulaya zinaangalia nchi ambako kazi kubwa ya mwisho ilifanyika. Vipande vya juu vinaweza kushonwa nchi nyingine vikaja kumaliziwa hapa. Na hata kikitengenezwa hapa chote, "hapa" ni wapi? Mwaka 2024 Mahakama ya Milano iliziweka kampuni tanzu za Armani na Dior chini ya msimamizi kwa sababu hazikufuatilia karakana ndogo zilizokuwa zikipewa kazi za mikoba na vifaa vya ngozi, ambako wafanyakazi walikuwa wananyonywa. Usimamizi huo ulishaondolewa baadaye. Lakini kama majina hayo yalihitaji jaji awaambie waende wakaangalie nani anashona, mimi na wewe na picha zako za ukutani tunajua nini?

Turudi dukani kwangu. Sitalitaja, msiniulize. Nilikwenda na kiatu kwenye mfuko. Dada wa kaunta kakitazama sekunde tatu, kasema suwedi haivaliwi kwenye mvua. Nikamwambia signora, gundi ndiyo iliyoachia, suwedi haina tatizo. Akasema huenda natembea vibaya. Wakuu, miaka 38 natembea, sijawahi kuambiwa natembea vibaya. Mwishoni akanipa vocha ya punguzo la asilimia 15 kwa ununuzi ujao, yaani nitoe tena hela.

Kwa mlioko huku, mjue: dhamana ya kisheria ni miaka miwili, na anayewajibika kwako ni aliyekuuzia. Asikuzungushe eti umwandikie mwenye kiwanda. Tangu Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kununua, labda muuzaji athibitishe vinginevyo. Risiti muitunze, ile ya karatasi ya joto mwipige picha kabla haijafutika. Zile siku 14 za kurudisha bila sababu ni za mtandaoni. Ukinunua dukani, kubadilisha mawazo ni hisani yao.

Nimeshawaandikia barua ya rejista. Wamejibu. Wanasema kiatu changu kimeharibiwa na mteja kwa kifaa chenye ncha kali.

Ndiyo. Kisu cha jikoni. Na cha mjomba kimeshonwa upya na fundi wa stendi, nacho hakifai tena kuwa ushahidi. Ponapona yangu ni picha nne nilizopiga kabla ya kukipasua, zina tarehe, na soli inaonekana vizuri ilivyoachama. Kwa hiyo nyie msifanye kama mimi: picha kwanza, dukani pili, kisu kisiwepo kabisa.

NYONGEZA, saa 3 usiku:

Mkuu uliyeandika "hela ndogo ndiyo tatizo", euro 265 si hela ndogo, na ile gundi isingejua kama nimelipa 800.

Uliyeuliza raba nyembamba za suwedi nazo zikoje: sijazipasua. Ukiwa nazo lete kibandiko tusome wote.

Na mkuu mwenyewe wa zile orodha umenijibu kwamba wewe "unafuatilia mitindo tu, huuzi viatu". Sawa. Basi kwenye orodha ya Juni, kila kiatu utakachobandika weka picha mbili, ya juu na ya chini. Ukishindwa kupata ya chini, andika hivyohivyo kwamba hukuiona.

Mjomba naye katuma ujumbe wa sauti jioni hii. Desemba ana harusi nyingine, Muheza. Namba ni 43, safari hii anataka vya kamba, na nisilipe mpaka nimtumie picha ya soli akamwonyeshe fundi wake.