Bata wa Dandora wamebadilika rangi: wanajuaje kwamba kwao ni majira ya kuchipua?

Mtembezi wa Umoja
Hamjambo wenzangu. Jumamosi iliyopita, katikati ya Machi, nilichukua darubini ya kuazima nikaenda kwenye mabwawa ya majitaka ya Dandora, kule Ruai, mahali ambapo harufu humpokea mgeni kabla ya ndege. Mwezi Januari niliwaona pale bata wadogo wa kahawia, wote wakifanana, nami nikaandika daftarini kwamba wote ni majike. Safari hii, katika kona ile ile ya bwawa, baadhi yao wana mstari mweupe unaoanzia juu ya jicho na kujipinda hadi kisogoni. Je, hao ni wageni, au ni wale wale? Na ikiwa wanajiandaa kurudi Ulaya na Asia, nani amewaarifu, ilhali hapa kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima?

Kwarara
Ni wale wale. Wataalamu humwita Spatula querquedula. Baada ya msimu wa kuzaliana dume huvaa manyoya yanayofanana na ya jike, naye hukaa nayo miezi mingi, hata sehemu kubwa ya muda anaokuwa Kenya. Mstari mweupe hurudi anapokaribia kuondoka. Mara nyingine usimhukumu akiwa majini. Subiri aruke, kwa maana dume huwa na bega la kijivu lenye ubuluu hata akiwa katika mavazi yake ya kahawia. Mimi mwenyewe nilikosea hivyo hivyo miaka mitatu mfululizo.

Mwalimu Mstaafu, Ngong
Swali la pili ndilo lenye uzito. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 1 na robo hivi, kwa hiyo tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki dakika 10, na ndege hawezi kuitegemea sana. Ana saa ndani ya mwili wake. Ndege wadogo wahamiaji waliofugwa na watafiti mahali ambapo mwanga na joto havibadiliki waliendelea kubadilisha manyoya na kuhangaika usiku msimu wa safari ulipokaribia, ingawa saa hiyo haikulingana sawasawa na miezi 12. Urefu wa mchana katika nchi za kaskazini ndio huirekebisha. Wakati huu pia hula kwa pupa na kuweka mafuta ya safari. Ukiwa Ruai, watazame na vile vindege vya manjano vinavyotikisa mkia kati ya miguu ya ng'ombe: mwezi Desemba vimefifia, sasa vinang'aa.

Kwarara
Ila tahadhari, Mwalimu: si kila anayeng'aa anasafiri. Kwera wanaofuma viota kwenye mafunjo nao wanapata manjano mapya, lakini wao wanangoja mvua za masika papa hapa.

Mtembezi wa Umoja
Asanteni sana, na shikamoo Mwalimu. Leo asubuhi nimerudi. Bata watatu waliruka mbele yangu, nami nimeliona lile bega. Aliyebaki majini alikuwa na mdomo mwekundu na kofia nyeusi. Huyo, nadhani, ni mwenyeji wetu.