Mustang ya 1968 kuwekwa giaboksi ya gia tano, inafaa barabara zetu kweli?

Kijana_wa_Nax:
Wakuu niaje. Niko na Mustang ya 1968, injini 302 V8, giaboksi ni Toploader ya gia nne na difu ni 3.50 (propela inazunguka mara 3.5 gurudumu likizunguka mara moja). Hapa Nakuru mjini iko poa kabisa, shida ni nikitoka nayo safari, yaani ukigonga 100 kwa saa injini iko kama mizunguko 2800 kwa dakika na hamwezi ongea ndani ya gari, mafuta nayo usiniulize. Naona Wamarekani wanatoa hio gia nne wanaweka T5 ama Tremec TKX, zote za gia tano, ndio wapate ovadraivu, ile gia ya juu ya kutuliza injini. Kwa mtu wa kwenda Kisumu na kurudi ni kitu ya maana ama ni pesa ya kutupa? Na sitaki kukata bodi, hii gari ni ya babangu.

FundiKibuye:
Ni ya maana lakini anza na difu kwanza. Gia ya nne ya Toploader ni 1:1, yaani propela inazunguka sawa na injini. T5 ziko za aina mbili zinapatikana sana, moja gia ya kwanza 3.35 na ya tano 0.68, ingine 2.95 na 0.63. Kwa difu yako chukua ya pili, hio ya 3.35 utaimaliza kabla hujavuka barabara. Na 0.63 hizo 2800 zako zinashuka hadi karibu 1770. Mwenye difu ya 2.79 asijisumbue, injini itaguna tu.
Nguvu nayo: T5 nyingi za Mustang za kiwandani mwisho wake ni torki (nguvu ya kuzungusha) ya kama futi-pauni 300, zile za kabla ya 1990 ni chini ya hapo. Kama 302 iko standadi na mguu wako si mzito, itavumilia. Ukitaka kuipiga, TKX inabeba 600 lakini bei utalia.

Dereva_Molo:
Mimi naona mnampoteza kijana. Nakuru iko kama mita 1850 juu, hapo tu injini ya kabureta ishapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu, na ukipanda kwenda Mau Summit inazidi. Sasa Sachangwan nyuma ya trela gia ya tano ni ya nini? Utakuwa kwa ya tatu, ikienda sana ya nne. Na ukirudi usiteremke Salgaa na ya tano eti unaokoa mafuta, hapo injini haishiki gari, ni breki peke yake zinafanya kazi, na hio mteremko sote tunaijua.

FundiKibuye:
@Dereva_Molo ni ukweli, lakini Awasi hadi Ahero ni tambarare, na akigeukia upande wa Gilgil na Naivasha pia itamlipa. Kwa mlima anarudi ya nne, ni ile ile 1:1 yake ya zamani, hajapoteza kitu.

Mzee_wa_Pijo:
Sisi wa Peugeot 504 tulikuwa tunatoa ya gia nne tunaweka ya 505 ya gia tano na maisha yanaendelea 😂. Kijana kama hutaki kugusa Toploader kuna Gear Vendors, inafungwa nyuma ya giaboksi yenyewe, ni 0.78, unabonyeza swichi tu. Lakini bei yake si rahisi.

Kijana_wa_Nax:
Asanteni. T5 ya 2.95 basi. Nimeona mtu anauza moja ikiwa na flaiwili na klachi za Mustang 5.0 ya 1990, nichukue zote?

FundiKibuye:
Flaiwili WACHA! Hio injini ya 5.0 balansi yake (uzito wa kutuliza mtetemo) ni aunsi 50, yako ni 28, ukiifunga gari itatetemeka mpaka uue beringi. Chukua giaboksi, flaiwili tafuta ya 28. Bodi hukati, T5 ni nyembamba inaingia kwa tanel yako, ni krosimemba tu, kile chuma kinashikilia giaboksi kutoka chini, inabadilishwa. Propela usikate ukikadiria kwa macho, giaboksi ikishakaa pima ndio uipeleke, na wakumbushe waibalansi. Spidomita utabadilisha kale kagia kadogo la sivyo itadanganya.
Na usikubali mtu akuwekee oili nzito ya 90 juu ni giaboksi. Hio T5 ya wakati huo inatumia ATF, ile nyekundu ya otomatiki, oili nzito inafanya gia zikatae kuingia asubuhi kukiwa na baridi, na Nakuru mwezi wa saba unaijua.

Dereva_Molo:
Hapo kwa oili nakubali 100.