Terrelle Pryor na mechi 12 zilizofutwa: Je, Ohio State warudishiwe ushindi wao wa 2010?

Mtoa mada:

Wakuu, heshima kwenu. Naileta kesi ambayo wapenzi wa futiboli ya Kimarekani hawajawahi kukubaliana: Terrelle Pryor, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Ohio State kuanzia 2008 hadi 2010. Kwa wasioufuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye anayeanzisha karibu kila shambulizi. Mpira ukifika mikononi mwake anaamua autupe mbele, ampe mwenzake, au atimue nao mwenyewe. Pryor aliyaweza yote matatu, na kwa mwili na mbio alizokuwa nazo, kumwangusha ilikuwa shughuli pevu.

Alitokea Jeannette, mji mdogo wa Pennsylvania, akiwa miongoni mwa vijana waliogombewa zaidi na vyuo nchini mwao. Msimu wake wa kwanza tu, baada ya timu kuchapwa 35-3 na Chuo Kikuu cha Southern California (USC), kocha Jim Tressel alimweka benchi kwotabeki mzoefu akamkabidhi dogo timu. Januari 2010 akawa mchezaji bora wa Rose Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu ziitwazo "bowl", walipoifunga Oregon 26-17. Januari 2011 akawa mchezaji bora wa Sugar Bowl, New Orleans, walipoifunga Arkansas 31-26. Michigan, mahasimu wao wa jadi, hawakumfunga hata mara moja.

Sasa fungua rekodi rasmi ya msimu wa 2010. Ohio State walishinda mechi 12, wakafungwa 1 na Wisconsin. Zile 12 zimefutwa zote. Iliyobaki ni ile moja waliyofungwa.

Kosa lilikuwa nini? Desemba 2010, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilitangaza kuwa Pryor na wenzake wanne wameuza vitu walivyozawadiwa, jambo lililokatazwa na kanuni za wakati huo, na baadhi yao wamechorwa tatuu kwa bei ya chee. Pryor aliuza pete ya ubingwa wa ligi yao, Big Ten, wa 2008, tuzo ya uungwana michezoni ya Fiesta Bowl 2009, na suruali ya dhahabu. Hii suruali ni kidani kidogo tu ambacho wachezaji wa Ohio State hupewa kila wakiifunga Michigan, desturi iliyoanza 1934. Alitakiwa alipe dola 2,500 na akafungiwa mechi tano.

Mechi tano za lini? Za msimu uliofuata! Sugar Bowl, mechi yenye pesa nyingi na watazamaji nchi nzima, waliruhusiwa wote watano kucheza. Na hapo ndipo panaponiuma. Dakika ya mwisho, Arkansas walizuia teke la Ohio State wakaupata mpira yadi 18 tu kutoka mstari wa goli, wakihitaji kufika mara moja tu washinde. Kwotabeki wao akatupa, na mlinzi Solomon Thomas akaudaka. Thomas ni mmoja wa wale watano. Tiketi zilikwisha kuuzwa, matangazo yalikwisha kulipwa, na ndipo baadaye ushindi ukafutwa. Arkansas nao hawakupewa chochote, rekodi yao hadi leo inasema walifungwa. Walifungwa na nani?

Msimamo wangu: zile mechi 12 zirudishwe. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. Ohio State hao hao walitwaa ubingwa wa taifa Januari 2025 kwa kikosi ambacho mkurugenzi wao wa michezo alisema kiligharimu takriban dola milioni 20. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa wachezaji moja kwa moja. Na huyu aliuza pete yake mwenyewe. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka pagumu. Mechi hazikufutwa kwa sababu ya pete peke yake. Tressel aliandikiwa barua pepe Aprili 2010 akiambiwa kila kitu, na kwamba mwenye duka la tatuu anachunguzwa na serikali kuu kwa dawa za kulevya. Alikaa kimya. Septemba akasaini fomu kwamba hajui ukiukaji wowote, kisha akawachezesha msimu mzima. Timu iliyowaweka benchi wachezaji wake ikafungwa kwa kufuata sheria, leo unaiambia nini? Sheria ikibadilika 2021 haimsafishi aliyeivunja 2010. Wengine walikuwa na pete na shida hizo hizo, na hawakuuza.

Mchangiaji wa pili:

Mimi naishi Columbus, mji kilipo chuo hiki. Huku watu wanaumia zaidi kwa 2012 kuliko 2010. Kikosi kile kilishinda mechi zote 12 na kikazuiwa kucheza mechi za mwisho wa msimu kwa sababu ya sakata hili. Wengi hawakuwa na kosa lolote. Ule msimu nani ataurudisha? Hauwezekani. Ndiyo maana nasema wanachoweza kurekebisha wakirekebishe. Reggie Bush wa USC alirudishiwa Aprili 2024 tuzo yake ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, aliyoiachia kwa kosa la aina hii, baada ya miaka karibu 14.

Mtoa mada:

Mkuu wa kwanza, hoja yako ni nzito na nakubali sehemu yake: kocha alidanganya, na kuhusu hilo sina utetezi. Lakini fuatilia kilichowapata wote wawili.

Tressel alijiuzulu Mei 30, 2011. Mwaka 2014 akawa rais wa Chuo Kikuu cha Youngstown State. Mwaka 2015 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo. Februari 2025 akawa naibu gavana wa jimbo la Ohio. Sina kinyongo naye. Watu wa Ohio wamemsamehe, na kusamehe ni haki yao.

Pryor aliondoka chuoni Juni 2011. Chuo kikampiga marufuku kujihusisha nacho kwa miaka mitano. Alipochukuliwa na Oakland Raiders, ligi ya kulipwa nayo ikamfungia mechi tano, kwa kosa alilolifanya akiwa mwanafunzi. Mwaka 2024 alifungua kesi dhidi ya chuo na NCAA akidai fedha zilizotengenezwa kwa jina lake.

Aliyedanganya kwa maandishi ni mtu mzima mwenye mshahara wa mamilioni, na amepata njia ya kurudi. Adhabu inayoendelea hadi leo ni ile ya kwenye rekodi, nayo inawabeba hata wale wachezaji wengi wa 2010 ambao hawakuuza hata kifungo cha jezi. Kama shida ni uongo wa kocha, ziondoeni mechi 12 kwenye hesabu ya ushindi wa kocha. Timu iachiwe matokeo yake, na pembeni iandikwe wazi kuwa watano walikiuka kanuni za wakati huo.

Anayepinga pendekezo hilo aje na sababu yake. Nasubiri hasa ya mashabiki wa Michigan.