Sosi za nyama choma za Marekani: ipi inafaa kuku na mbuzi?

Bi_Mkaa aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Durham, North Carolina, na karibuni jamaa zetu watakusanyika kwetu kwa nyama choma. Dukani nimekuta rafu nzima ya sosi, kila chupa ikijinasibu na mji au jimbo lake: Carolina, Kansas City, Texas, hata moja nyeupe ya Alabama. Nguruwe kwetu haliwi. Tutachoma kuku na mbuzi. Mume wangu ameng'ang'ania ile nzito na tamu, tena anataka ipakwe tangu nyama ikiwa mbichi. Naomba mnieleweshe tofauti zake na mnishauri.

Msafiri_wa_Piedmont alijibu:

Dada, umehamia karibu kabisa na mpaka wa ugomvi huo. Mashariki ya jimbo lako, kuelekea pwani, sosi ni siki, chumvi na pilipili kavu iliyopondwa, wala nyanya haitiwi, kwa sababu huko huchomwa nguruwe mzima na ukali wa siki ndio unaokata mafuta yake. Ukienda magharibi hadi Lexington, ambako huchomwa bega peke yake, siki ileile huongezwa kechapu na sukari kidogo, na watu wa pande hizo mbili hawajaacha kubishana. South Carolina, hasa maeneo ya Columbia, hutumia haradali, desturi inayohusishwa na walowezi wa Kijerumani wa karne ya 18. Texas ya kati sosi si jambo kubwa: Kreuz Market, mkahawa wa nyama choma wa mji wa Lockhart, kwa miaka mingi haukuiweka mezani kabisa.

Fundi_Jiko alijibu:

Naomba nimjibu shemeji. Sosi ya Kansas City ya siku hizi ina nyanya, molasi (shira nyeusi ya miwa) na sukari nyingi, na sukari huungua upesi kwenye mkaa. Ukiipaka mapema, ngozi ya kuku itakuwa nyeusi na chungu huku nyama ya pajani, karibu na mfupa, bado inatoa maji mekundu. Ipakwe dakika kumi za mwisho, safu nyembamba mara mbili, mbali kidogo na moto mkali. Isitoshe, utamu huo si asili ya mji wenyewe. Henry Perry, aliyeanzisha biashara ya nyama choma Kansas City mwanzoni mwa karne ya 20, alijulikana kwa sosi kali ya pilipili. Arthur Bryant, aliyerithi biashara hiyo baada ya kaka yake, ndiye aliyeipunguza ukali.

Mkazi_wa_Kusini alijibu:

Kwa kuku, mimi ningechukua ile nyeupe bila kusita. Ilianzia Decatur, Alabama, kwa mchoma nyama Bob Gibson, miaka ya 1920, nayo ni mayonezi iliyolegezwa kwa siki, pamoja na chumvi na pilipili manga nyingi. Kuku akishaiva kwa moshi, huzamishwa mzimamzima ndani yake, akatoka akichuruzika. Mafuta ya mayonezi huzuia kidari kukauka, na siki huipa ngozi uchachu ambao aliyezoea ndimu kwenye nyama choma hatauona mgeni.

Kuhusu mbuzi, usihangaike na rafu hiyo, itazame Kentucky. Mji wa Owensboro huchoma kondoo wa umri mkubwa, ambao nyama yao ni ngumu na ina harufu, na kwa saa nyingi huipaka maji ya siki, pilipili manga na sosi ya Worcestershire (sosi nyeusi nyepesi ya Kiingereza, yenye uchachu). Hakuna nyanya, na sukari ni chache au haipo, kwa hiyo unaweza kupaka tangu mwanzo, kama anavyotaka mume wako, bila nyama kuungua.

Bi_Mkaa aliandika:

Nashukuruni sana. Hiyo ya mayonezi, naweza kuiandaa usiku wa kuamkia shughuli?

Mkazi_wa_Kusini alijibu:

Unaweza, na hukolea zaidi ikilala kwenye friji. Ila igawe katika mabakuli mawili: moja la kuzamishia kuku, jingine la mezani, na hilo la mezani usilitoe mapema juani.